Kreatini na Sukari ya Damu

Kreatini, kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe na kuihifadhi hasa katika misuli, ilitambuliwa mwaka 1832 na mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Ni mwaka 1992 tu ndipo Roger Harris na wenzake walipoonyesha kwamba kreatini monohidrati, yaani ile iliyoungana na molekuli moja ya maji, huongeza akiba ya misuli inapomezwa. Mwaka 1996 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walibaini kuwa misuli huipokea zaidi pale sukari inapoamsha insulini, homoni inayoingiza sukari katika seli. Katika jaribio lao, kila gramu 5 za kreatini zilifuatwa na gramu 93 za wanga mwepesi, mara nne kwa siku, kiasi ambacho kwa mgonjwa wa kisukari ni hatari ya wazi. Unga mtupu wa kreatini, usiochanganywa na sukari, una historia nyingine, yenye matumaini zaidi: katika utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliotumia gramu 5 kila siku kwa wiki 12, huku wakifanya mazoezi, walidhibiti sukari vizuri kuliko waliofanya mazoezi bila kreatini. Hata hivyo washiriki walikuwa wachache, hivyo mwenye kisukari asome kwanza lebo ya kopo ili ahakikishe haina sukari iliyoongezwa, kisha amwone daktari wake.