Regina Jonas, Rabi Aliyesahauliwa

Mwezi wa Juni mwaka 1972, Sally Priesand alipopewa daraja ya urabi mjini Cincinnati, Marekani, habari ilivuma kwamba Wayahudi wamempata rabi wao wa kwanza mwanamke, na wengi wakaipokea kwa furaha ya dhati. Ilhali daraja hiyo ilikwisha kutwaliwa zaidi ya miaka 36 kabla yake na binti wa Berlin aliyeitwa Regina Jonas, ambaye jina lake lilikuwa limefukiwa pamoja na watu wake.

Jonas alizaliwa mwaka 1902, akafiwa na baba angali mtoto, akajiunga na chuo cha elimu ya Kiyahudi mjini Berlin, ambako wanawake waliruhusiwa kusoma lakini aghalabu walitoka na cheti cha ualimu tu. Katika tasnifu yake ya mwaka 1930 aliuliza kama mwanamke aweza kushika wadhifa wa rabi. Hakuibeza sharia ya Kiyahudi ili apate njia. Aliifunua Torati na Talmudi, akazipima hoja za wanazuoni moja baada ya moja, akathibitisha kuwa kinachomzuia mwanamke si sharia bali ni chuki na mazoea. Profesa aliyemsimamia akafariki, mrithi wake akakataa kumpa daraja, naye Jonas akangoja hadi tarehe 27 Desemba 1935, Rabi Max Dienemann alipomtahini huko Offenbach na kumkabidhi hati.

Hata hivyo jumuiya ya Kiyahudi ya Berlin haikumpa mimbari kuu, ikampeleka kufundisha watoto, kuzuru wagonjwa na kuwaliwaza wazee. Wanazi walipowatia marabi mbaroni, na wengine walipoihama nchi, ndipo alipoitwa kuhubiri katika masinagogi yaliyobaki bila marabi; na ni jambo la kutia uchungu kwamba mlango uliofungwa siku za amani ulifunguliwa na maangamizi.

Novemba 1942 alipelekwa pamoja na mama yake katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt. Huko alishirikiana na tabibu Viktor Frankl, akiwalaki mahabusu wapya waliposhuka garini wakiwa wamepigwa bumbuwazi, akawatuliza nyoyo. Na imesalia orodha ya mihadhara yake 24, iliyoandikwa kwa mkono, ikimtaja waziwazi kuwa rabi mwanamke wa pekee. Oktoba 1944 alisafirishwa hadi Auschwitz, akauawa akiwa na umri wa miaka 42.

Baada ya vita waliomjua wakanyamaza. Leo Baeck, mwalimu wake, alinusurika; Frankl naye alinusurika akawa mashuhuri duniani; wala hawakumtaja hadharani. Ni mwaka 1991, baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, ambapo mtafiti Katharina von Kellenbach alizikuta nyaraka zake katika hifadhi ya Berlin Mashariki: hati zake, tasnifu yake, na picha yake amevaa joho na kofia ya kirabi, ameshika kitabu.

Huku nyuma wanawake wa Kiyahudi wa Marekani walikwisha kuanza upya, pasipo kujua kwamba hoja zao zimekwisha kuandikwa. Mwaka 1972 kundi la Ezrat Nashim lilidai wanawake wahesabiwe katika watu kumi wanaotakiwa ili sala ya jamaa ifanyike, wakubaliwe kuwa mashahidi, wawe marabi. Na mwaka huohuo Wayahudi wapenzi wa jinsia moja mjini Los Angeles, waliochoka kuficha nafsi zao, wakaanzisha sinagogi la Beth Chayim Chadashim. Mwanazuoni Susannah Heschel naye, katika miaka ya 1980, aliweka chungwa katika sahani ya mlo wa Pasaka ya Kiyahudi kuonyesha kwamba jumuiya huneemeka inapowakaribisha watu hao. Kisha ukazuka uvumi kwamba chungwa lilianza kwa mwanamume aliyesema mwanamke hafai mimbarini kama chungwa lisivyofaa katika sahani hiyo. Mwenye wazo akanyang'anywa wazo lake, na waliokusudiwa wakafutwa kabisa. Naiona dhuluma hii kuwa ndugu wa ile iliyompata Jonas, kwa kuwa aliyefutwa katika kumbukumbu humlazimu ajaye baada yake aombe upya idhini iliyokwisha kutolewa.

Basi mwalimu au mwandishi yeyote atakayepanga orodha ya marabi wanawake, na aianzie Offenbach, mwaka 1935, na aliandike jina la Regina Jonas kwanza.