UZI: "Kusafisha jiji" ni lugha ya nani?

1. Kila msimu wa siasa hakosi mtu wa kuahidi "kusafisha jiji". Jioni runinga inatuonyesha lori la kanjo, vijana na chupa za gundi, mjadala umeisha. Hapa sitaji mgombea wala chama. Nataka tufuate historia ya maneno yenyewe. Nikisikiliza habari zetu kuhusu watu wanaolala nje, nasikia lugha ya polisi ikisomwa na mtangazaji.

2. Tuanzie Uingereza, 1824. Vita vya Napoleon vimekwisha, wanajeshi wamerudi bila kazi wala makao. Bunge likapitisha sheria ya uzururaji: kulala nje na kuombaomba vikawa makosa. Umaskini ukageuzwa kesi.

3. Wakoloni walikuja na wazo hilohilo, ila huku lilifungwa na ardhi na kazi ya walowezi. Mwafrika alihesabiwa mgeni Nairobi. Ukiwa na mwajiri, wewe ni kibarua. Ukimkosa, wewe ni mzururaji. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilirahisisha kukukamata.

4. Vijana waliokamatwa mjini walirudishwa "kwao" mashambani. Wengi walirejea. Nyumbani hakukuwa kumebadilika chochote, sasa wangekaa wakifanya nini? Shikilia hapo, tutarudi kwa hiyo safari.

5. Baada ya uhuru bendera ilibadilika, sheria ya uzururaji ikabaki. Miaka ya 1970 watoto waliowaelekeza madereva mahali pa kuegesha gari ili wapate senti waliitwa "parking boys". Halafu kuna "chokora", kutoka kuchokora, yaani kufukuafukua, kama anavyofanya mtu jaani. Ona ujanja wake: neno linamtaja mtoto kwa takataka anazoshika. Halisemi ametoka wapi.

6. Sheria yenyewe ilifutwa 1997. Lakini msamiati wake haukufutwa. Sikiliza vitenzi vya habari: "wamezagaa", "wameondolewa", "wamekusanywa", "jiji limesafishwa". Hivyo vyote unaweza kuvitumia kwa taka bila kubadilisha hata herufi moja. Hata Kanuni ya Adhabu bado ina kosa la kuwa mzembe na mvurugaji.

7. Kuna picha ya pili, tena hii inapendwa sana mtandaoni: kijana wa mtaani aliyeokolewa na msamaria mwema. Ameogeshwa, amenyolewa, amevalishwa suti, picha ya kabla na baada. Simkatai msamaria. Lakini mhalifu na muujiza ni hadithi za mtu mmoja mmoja. Zote mbili hazigusi kodi ya nyumba, ardhi wala ubomoaji.

8. Mfano: Mei 1990 mtaa wa Muoroto, karibu na stendi ya Machakos hapo Nairobi, ulibomolewa na watu wakaachwa bila pa kulala. Tangu hapo tumeona tingatinga mara ngapi? Jumatatu habari ni "ubomoaji". Miezi michache baadaye habari ni "kero ya familia za mitaani". Ni nadra mwandishi kuuliza kama ni watu walewale. Hapo ndipo mwenye tingatinga anapotoka kwenye hadithi, akibaki aliyelala kwa veranda ya duka.

9. 2003 serikali iliunda mfuko wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani, na baadhi ya vijana wakapelekwa NYS kujifunza kazi. Sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 mitaani nchini, zaidi ya 15,000 Nairobi pekee. Hao ni watu wa kutosha kujaza uwanja wa mpira. Wamo akina mama, wamo watoto waliozaliwa hukohuko nje. Lakini kwenye habari sura ni ileile: kijana wa kiume na gundi.

10. Sasa ile safari. Februari 2019 ziliripotiwa habari za watoto wa mitaani wa Nakuru waliobebwa usiku na kuachwa Baringo. Watu walishtuka. Mimi nilijiuliza: huu ni upya gani? Ni safari ya mkoloni, gari tu ndilo jipya. Ukishazoea kuambiwa watu "wameondolewa", huulizi wamepelekwa wapi.

11. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Maoni hayo yalistahili kutajwa kila msako unapotangazwa. Wewe umeyasikia mara ngapi?

12. Kwa hivyo msako ujao ukitangazwa, hesabu nani amepewa maikrofoni. Kamanda wa polisi? Ndiyo. Afisa wa kaunti? Ndiyo. Mwenye duka? Ndiyo, na ana haki ya kulalamika akiibiwa. Je, aliyebebwa kwa lori amesema hata sentensi moja?

13. Na mgombea akikuahidi jiji safi, usimpigie makofi bado. Muulize: hao watu utawalaza wapi usiku wa kwanza? Nani atalipa? Mtoto ataingia shule gani? Akijibu kwa bajeti, tuendelee kuongea. Akijibu kwa lori, bana, hiyo manifesto ni ya karne iliyopita.