Mafundi wa Askov

Mwaka 1891, katika kijiji cha Askov huko Jutland, Denmark, mwalimu Poul la Cour alisimamisha kinu cha upepo kwa fedha za serikali, akakifungia dainamo mahali pa jiwe la kusagia. Miji ilikuwa imeanza kuwaka taa za umeme, huku vijijini watu wakiendelea na kibatari. La Cour, aliyekuwa mtaalamu wa hali ya hewa kabla ya kuja kufundisha vijana wa wakulima, alitaka umeme umfuate mkulima aliko. Siku hizi anayepima kama upepo utakifaa kijiji huanza kwa kusimika mlingoti wa kupimia kasi yake. Kipimo hicho ni cha lazima, sibishi. Lakini historia ya Askov inanifanya niamini kwamba hatima ya kinu kidogo huamuliwa na jambo jingine: nani atapanda juu siku kitakapogoma.

Tatizo la kwanza la la Cour lilikuwa kwamba upepo hauna adabu. Ukivuma kwa vishindo, dainamo huenda mbio na taa huwaka kupita kiasi, ukipungua, zinafifia. Dawa aliyoibuni aliiita kratostati, na haikuwa na uchawi wowote: puli iliyoning'inizwa, yenye uzito wa kuivuta. Nguvu ikizidi, puli inainuka, mkanda unalegea na kuteleza kidogo, na dainamo inabaki kwenye mwendo wake. Mtu aliyezoea mashine ya kukoboa angesimama mbele yake dakika chache akaielewa. Tatizo la pili lilikuwa kuweka akiba. Betri za risasi zilikuwa ghali, kwa hiyo alitumia umeme wa kinu kutenganisha maji, akahifadhi haidrojeni kwenye tangi na kuipitisha kwa mabomba hadi kwenye taa za shule. Kuanzia 1895 hadi 1902 shule ile iliangazwa hivyo. Mara kadhaa oksijeni kidogo ilijipenyeza ndani ya haidrojeni, mlipuko ukatokea na vioo vya madirisha vikaruka. Sijui ni mhasibu gani wa leo angepitisha bajeti ya vioo hivyo. Alijaribu pia mapanga kwa upepo wa kutengenezwa ndani ya bomba, akaona kwamba kinu cha kuzungusha dainamo kinahitaji mapanga machache yaendayo kasi, tofauti na kile chenye mapanga mengi, kizito na cha taratibu, kinachofaa kuvuta maji.

Angeishia hapo, Askov ingekuwa jumba la makumbusho tu. Mwaka 1903 kilianzishwa chama cha kueneza umeme wa upepo vijijini, na mwaka uliofuata yakaanza mafunzo ya mafundi umeme wa vijijini, vijana waliojifunza kufunga nyaya, kutunza betri na kurekebisha kinu, kisha wakarudi makwao na ujuzi huo. Walikuta uwanja umelimwa. Wakulima wa Denmark walikuwa wakiendesha ushirika wa maziwa tangu 1882, hivyo kuchanga mtaji, kuweka daftari na kumdai jirani malipo yake hayakuwa mambo mageni. Kufikia 1918 vituo vya umeme vya vijijini vipatavyo 120 vilikuwa na vinu vya upepo, vingi vya kilowati 20 hadi 35. Vyote pamoja vilifikia takriban megawati 3, na kutoa karibu asilimia 3 ya umeme uliotumika nchini.

Mpinzani atasema kwamba vinu hivyo vilikufa. Ni kweli: baada ya Vita Kuu ya Kwanza mafuta yalishuka bei, injini zikachukua kazi, kisha gridi ikafika. Hata gharama ya betri haikupata dawa, na yeyote anayempigia mwanakijiji hesabu ya mlingoti na mapanga peke yake anamdanganya. Lakini nyumba zilikuwa tayari zina nyaya, fundi yupo, na watu wamezoea kulipia umeme. Alibadilishwa punda, mkokoteni ukabaki ule ule. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba wa mafuta, punda wa zamani alirudishwa kazini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Denmark ina upepo, na si kila mahali pako hivyo. Nguvu iliyomo katika upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu mara nane ya ule wa mita 4. Mabaharia wa pwani yetu, waliopanga safari zao kwa kaskazi na kusi na kutia nanga kungoja maleleji yapite, wasingehitaji kuambiwa kwamba kipimo cha wiki mbili ni upuuzi. Hapo nakubali bila kinyongo: pasipo na upepo, fundi hana la kufanya. Ila mlingoti hukuambia tu kama kinu kitazunguka mwaka wa kwanza. Kuhusu mwaka wa saba haujui kitu. Vinu vya kuvuta maji vya Kijito, vilivyoanza kuundwa Thika, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, vilikuwa na faida mbili ambazo mlingoti hauzioni: kipuri hakikulazimika kuvuka bahari, na betri yake ilikuwa tangi la maji.

Miongoni mwa waliohudhuria mafunzo ya Askov mwaka 1904 alikuwamo Johannes Juul, kijana aliyekuwa hajafikisha miaka 18. Mwaka 1957 kinu alichokisanifu, chenye mapanga matatu na uwezo wa kilowati 200, kilianza kutoa umeme huko Gedser, kikafanya kazi miaka kumi bila matengenezo makubwa.