Kidole Hakipimi Mwanga

Waweke walimu watatu kwenye uwanja wa shule, kila mmoja na saa yake ya kupimia mbio, wampime mtoto mmoja. Utapata majibu matatu. Saa ni nzima. Tatizo ni kidole. Jicho huona, ubongo hupokea, ndipo kidole hubonyeza, na safari hiyo huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde.

Kwa mkimbiaji, hizo ni hatua moja hivi. Kwa mwanga, ni kilomita 60,000, yaani kuizunguka dunia mara moja na nusu.

Hapo ndipo alipokwama Galileo wa Italia. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 alieleza jaribio la watu wawili wenye taa usiku. Wa kwanza anafunua taa yake. Wa pili akiiona, naye anafunua yake. Kwa umbali usiofika maili moja, hakuweza kutambua kama mwanga ulichukua muda wowote.

Tuyalete hayo huku kwetu uwanda wa kati. Mmoja asimame Dodoma, mwenzake Manyoni, zaidi ya kilomita 100. Hata kama wangeweza kuonana, mwanga ungekwenda na kurudi kabla sekunde haijafika sehemu moja ya elfu. Wangekuwa wanapima uzito wa mikono yao tu.

Ufumbuzi ulipatikana kwa njia mbili. Mwaka 1676 Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa Paris, alirefusha safari: alitazama mwezi mmoja wa sayari ya Sumbula, akaona kupatwa kwake kukichelewa kwa dakika kadhaa dunia inapokuwa mbali nayo. Mbele ya dakika, uzito wa kidole si kitu. Mwaka 1849 Mfaransa Fizeau alikiondoa kidole kabisa. Gurudumu lenye meno 720 liliuachia mwanga upite kwenye pengo, na uliporudi kutoka zaidi ya kilomita nane, ukakuta jino limeziba. Kazi ya mtu ikawa kutazama tu: upo, au haupo?

Ninachomheshimia Galileo ni hiki: hakusema mwanga hauchukui muda. Alisema kama unachukua, basi una kasi ya ajabu. Wagogo wachimbao visima katika mito ya mchanga wanaelewa: kamba fupi si ushahidi kwamba kisima ni kikavu. Nasi, kabla ya kusema kitu hakipo, tukipime kwanza kipimo chetu.