Magofu Yasiyo na Ukuta

Caspar David Friedrich, mchoraji wa Ujerumani, alimaliza mwaka 1810 picha ya magofu ya abasia kati ya mialoni isiyo na majani. Ukuta mmoja mrefu, dirisha tupu, theluji chini. Mfalme wa Prussia aliinunua. Wapenzi wa sanaa walikwisha kuizoea lugha hiyo: jiwe lililopasuka ni fahari iliyopita, na mti ulioota pembeni ndio mshindi. Gedi, karibu na Malindi, ingemfurahisha sana Friedrich. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948, msitu ulikuwa umeshaufunika.

Chebunyo, huku Chepalungu katika kaunti ya Bomet, ukuta wa namna hiyo huupati. Kipsigis, wenyeji wa huku, walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba ikihamwa, mvua chache tu huirudisha ardhini. Lakini nyanda hizi za juu zina magofu yake: mashimo ya Sirikwa, yaliyopewa jina la watu wa kale wa huku. Kila moja ni bakuli pana lililochimbwa kwenye mteremko, lenye mlango upande wa chini, na nje ya mlango tuta la samadi na matope yaliyozolewa ndani miaka nenda miaka rudi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimbua ya Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watu waliishi humo shimoni. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton alichimbua kadhaa, likiwemo la Chemagel karibu na Sotik, akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi: ng'ombe walilala bakulini, watu katika vibanda vya pembeni.

Hapa basi mchoraji ana kazi. Nyasi hazikulishinda shimo. Zimelivaa tu, na asiyejua atachora kilima kitupu.

Kericho, jirani na Bomet, imechorwa hivyo hivyo. Tangu mashamba makubwa ya chai yaanze miaka ya 1920, picha yake ni kijani kisicho na mwanzo, kana kwamba chai ilijiotea yenyewe. Mimi picha hiyo siiamini. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha kutoka huko Talai, ukoo wa maorkoiyot, viongozi wa kiroho wa Kipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Maboma waliyoyaacha sijayaona katika kalenda yoyote ya chai.