Maradhi ya Kichwani katika Nchi ya Maswa

Nchi iitwayo leo Mkoa wa Simiyu, iliyotengwa hasa na Shinyanga mwaka 2012 na Bariadi ikafanywa makao yake makuu, zamani za Waingereza sehemu yake kubwa ilijulikana kwa jina la Maswa. Na kwa jina hilo iliingia katika vitabu vya matabibu wa dunia, kabla pamba yake haijapata sifa, kwa sababu ya maradhi ya malale yaliyozuka mwaka 1922 katika mapori ya mashariki ya Mwanza.

Alikuja kuyachunguza daktari H. Lyndhurst Duke kutoka Uganda, na Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyama wa pori ya Tanganyika, akawachunguza mbung'o wenyewe wanaoyaeneza. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1923. Malale ya upande wetu huu wa Afrika hayana subira: vimelea hukaa kwanza katika damu, mtu akashikwa na homa na kuumwa kichwa, kisha baada ya majuma au miezi michache huingia ubongoni, na hapo usingizi hupotea usiku ukamjia mchana, akili ikavurugika, na asiyetibiwa hufa. Tabibu wa zama zile hakuwa na njia ya kuutazama ubongo wa mtu aliye hai. Alichoweza ni kumdunga mgonjwa sindano mgongoni, kuvuta maji ya uti wa mgongo na kuyatia chini ya hadubini. Batini ya kichwa akaikisia kwa maji yaliyopita karibu nayo.

Dawa mpya ya siku hizo ilikuwa Bayer 205, iliyotoka Ujerumani katika ukoo wa dawa zilizoanzia kwenye rangi za kutilia nguo. Dawa hiyo ilisafisha damu vizuri, ila mgonjwa aliyekwisha kuingiliwa ubongoni haikumfaa kitu. Sababu yake ilikuwa imekwisha kuonekana Ujerumani zamani, ingawa walioiona hawakuwa na habari ya Maswa. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alitia rangi katika damu ya wanyama, akakuta viungo karibu vyote vimekolea rangi, ubongo haukukolea; akadhani kwamba ubongo hauipendi rangi. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akambatilisha mwaka 1913: alipoitia rangi ya buluu katika maji yanayouzunguka ubongo, ubongo wote ukageuka buluu. Kumbe mishipa ya damu ya kichwani ina bawabu wake, naye huchagua nani apite. Na rangi ile ya Goldmann, jambo ambalo naliona la ajabu, ilikuwa imekwisha kujaribiwa kuwa dawa ya vimelea vya jamaa ya malale.

Bawabu huyo huyo ndiye anayewashughulisha leo wanaotafuta uvimbe wa ubongo. Miali ya eksirei ya Röntgen ya mwaka 1895 ilionyesha fuvu, haikuonyesha kilichomo. Mwaka 1971, mwaka ule ule ilipofunguliwa Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, mashine ya kwanza ya CT, kazi ya Godfrey Hounsfield, ilimpiga picha mgonjwa mjini London aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani. Ikafuata MRI, inayotumia sumaku, pamoja na dawa ya gadolinia inayotiwa mshipani ili uvimbe ung'ae katika picha. Lakini gadolinia hupenya pale tu uvimbe ulipokwisha kumvunja bawabu. Pembezoni, ambako chembe za saratani zimejipenyeza katika ubongo wenye afya na bawabu angali kazini, picha hunyamaza, na mpasuaji hajui aishie wapi.

Ndipo ulipozaliwa ufundi wa chembe za nano, zinazopimwa kwa sehemu za bilioni za mita. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kundi la Miqin Zhang lilichukua oksidi ya chuma, jamaa ya kutu, ambayo sumaku ya MRI huitambua, likaivika gamba lisilodhuru, kisha likaifungia kipande cha protini kilichopatikana kwanza katika sumu ya nge wa majangwa ya Arabuni na Afrika ya Kaskazini. Kwani protini hiyo hushikamana na chembe za uvimbe uitwao glioma, ikaziacha chembe za ubongo zenye afya. Katika panya, chembe hizo za nano zilifika kwenye uvimbe na kuonekana. Kwa binadamu safari bado ni ndefu, na anayeahidi zaidi ya hapo asisadikiwe upesi.

Huku kwetu, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa 2021, hospitali za rufaa za mikoa zilianza kupelekewa mashine za CT, na mgonjwa wa Bariadi anayehitaji mpasuaji wa ubongo huelekezwa Bugando. Ama malale, bawabu amekwisha kupitwa: kidonge cha fexinidazole, kilichojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, humezwa kwa mdomo na kuwafuata vimelea hadi ubongoni.