Magadi, Asali na Juisi: Kilichochanganywa na Tumbaku Chini ya Mlima Meru

Ugoro unaouzwa katika masoko ya Arusha una vitu viwili: jani la tumbaku lililokaushwa na magadi. Jani husagwa mpaka likawa unga wa kahawia, kisha bonge la magadi huvunjwavunjwa na kutwangwa humo kidogo kidogo. Mnunuzi huchota kwa vidole viwili, akaweka juu ya ukucha wa kidole gumba, akavuta. Akipiga chafya mfululizo na macho yakalowa, anajua magadi yamezidi. Asiposikia kitu, anajua yamepungua, na muuzaji anaongeza palepale mbele yake. Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko mji wenyewe, na inafaa ikumbukwe leo, wakati vijana wa Daraja Mbili hapa Arusha, kama wenzao wa miji mingine, wanapovuta vepu, yaani sigara za kielektroniki, na kukutana na matatizo wasiyo na maneno ya kuyaeleza: koo linakereketa, mdomo unakauka, midomo inawasha, kifua kinabana. Wengi huyaita yote hayo aleji, wakadhani kasoro iko katika miili yao. Ninavyoona mimi, historia ya tumbaku chini ya Meru inaonyesha jambo jingine. Mwili umekuwa ukijibu kile kilichochanganywa na jani tangu mwanzo, na watu waliweza kuishi na majibu hayo kwa kadiri walivyoujua mchanganyiko wenyewe. Kilichopotea ni ujuzi wa mchanganyiko.

Tumbaku si mmea wa asili ya mlima huu. Ilivuka bahari kutoka Amerika baada ya safari za Wahispania na Wareno, ikaingia pwani, ikapanda bara. Waarusha walipohamia miteremko ya Meru kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830, walikuwa wakulima waliopakana na wafugaji, na biashara yao na Wamasai ilihusu nafaka, asali, vibuyu na tumbaku, wakipata mifugo na ngozi. Magadi yalitoka upande mwingine, kwenye Bonde la Ufa, hasa Ziwa Natron, ambako jua hukausha maji yakaacha ganda gumu jeupe. Ni magadi hayohayo mama anayatia kwenye makande ili maharage yaive upesi. Ndani ya ugoro yana kazi nyingine. Magadi ni kinyume cha asidi. Yakikutana na unyevu wa pua huifungua nikotini kutoka katika hali ya chumvi, ikawa huru kupenya ngozi laini mara moja. Tumbaku tupu, isiyo na magadi, huenda kwa kujikokota. Ukali anaousikia mvutaji, chafya, machozi na kichwa kuwa chepesi, ni zao la vitu viwili vilivyokutana, na waliosaga ugoro walilijua hilo kwa pua zao kabla mwanakemia yeyote hajalieleza.

Pwani nako kulikuwa na mpango wake. Mtafuna tambuu hupaka chokaa kwenye jani la tambuu pamoja na popoo na tumbaku, na chokaa hufanya kazi ileile ya magadi; ikizidi, inachoma ulimi na mashavu, kwa hiyo hupakwa kwa ncha ya kidole. Mvuta kiko alikuwa na chombo kizima kilichotajwa kipande kwa kipande: bori la kuwekea tumbaku na kaa la moto, digali la kupitishia moshi kwenda majini, shilamu la kuvutia, na hata mlio wa maji ulikuwa na jina lake, malio. Lugha iliyokipa jina kila kiungo cha kiko ni lugha ya watu walioweza kukifungua, kukisafisha na kujua moshi umepita wapi. Wajerumani walipojenga boma lao Arusha kati ya mwaka 1899 na 1900, kwa nguvu za Waarusha waliolazimishwa, mji ulioota kandokando ya boma hilo ulikusanya watu wa pwani na watu wa mlima, na njia hizi mbili za kutumia tumbaku zikakaa mtaa mmoja.

Sigara ndiyo iliyoukata uzi huo wa kuujua mchanganyiko. Wakulima wetu hutofautisha tumbaku ya moshi, inayokaushwa juu ya moto wa kuni kule Ruvuma, na tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la mabomba katika mabani ya Tabora na Urambo. Tofauti hiyo si ya shambani tu. Tumbaku ya mvuke hubaki na sukari nyingi, na moshi wake huelekea asidi, kwa hiyo hausakami kooni kama moshi mkali wa tumbaku nyingine. Unaweza kushushwa hadi mapafuni. Hapo mashine ya sigara ilipata mteja ambaye ugoro haukumpata kamwe. Kiwanda cha sigara kilianza Dar es Salaam mwaka 1961, na baadaye kikawa Kampuni ya Sigara Tanzania. Miaka hiyohiyo Arusha ilikuwa inavimba: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, kisha viwanda kama General Tyre na Kiltex, na wafanyakazi wakajaa Unga Limited, Ngarenaro, Sombetini na Daraja Mbili. Sigara waliyoinunua dukani, moja moja, ilikuwa imeshachanganywa mbali nao. Ndani ya karatasi palikuwa na vitu vya kuizuia isikauke, glisirini na propilini glikoli vikiwamo katika sigara nyingi duniani, na katika baadhi palikuwa na mentoli. Mentoli haiponyi koo. Inaamsha mishipa inayohisi baridi, na ubaridi huo unafunika mwasho. Kwa mara ya kwanza mchanganyiko ulitengenezwa ili mwili usijibu, na huo ndio mgeuko mkubwa kuliko wote katika habari hii. Magadi yanasema wazi kwamba yamo. Mentoli imewekwa ili mengine yasisikike.

Shisha ilipoenea katika baa na kumbi za mijini, ilikuja na tumbaku iliyolowekwa asali au molasi, glisirini na ladha za matunda. Watu wengi waliiona kama kitu kipya, ingawa ni mjukuu wa kiko. Vepu ikafuata, na hapa tarehe mbili zinastahili kuwekwa pamoja. Mwaka 2003 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bidhaa za Tumbaku. Mwaka huohuo mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alikuwa anaunda sigara ya kielektroniki ya aina tunayoijua leo. Sheria ile iliandikwa na watu waliokuwa na jani machoni. Juisi ya vepu haina jani. Ina propilini glikoli, glisirini ya mimea, nikotini na ladha, na koili ya umeme inayoipasha moto ikawa mvuke. Tangu mwaka 2015, Juul ilipoingia sokoni Marekani, juisi nyingi zimetiwa pia asidi ya benzoiki, inayoirudisha nikotini katika hali ya chumvi ili isichome koo hata ikiwa nyingi. Mtu aliyeelewa kazi ya magadi ataiona hesabu hii mara moja, kwa kuwa ni ileile iliyogeuzwa. Magadi huifungua nikotini na kuacha ukali uonekane. Asidi huifunga na kuufuta ukali, mpaka mvutaji ashindwe kujua amevuta kiasi gani.

Tuziangalie basi dalili zenyewe. Propilini glikoli hunyonya maji popote inapotua, ndiyo maana mdomo na koo hukauka, na katika mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, wenye vumbi la kiangazi, koo kavu ni shida juu ya shida. Huo ni mwasho, si mzio. Mzio halisi wa propilini glikoli upo kwa watu wachache, na madaktari wa ngozi wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa kugusa waliitangaza propilini glikoli kuwa kizio cha mwaka 2018; mwenye nao anaweza kuwashwa pia na losheni au krimu ya dawa yenye kitu hichohicho, jambo ambalo hatalihusisha na vepu asipoambiwa. Glisirini ni nzito na kwa wengine huacha makohozi. Ladha ya mdalasini hubeba sinamaldehaidi, inayowasha njia ya hewa na kudhoofisha vinyweleo vinavyoisafisha. Vanila ina ajabu yake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2018 kwamba vanilini ikikaa katika propilini glikoli huungana nayo ikazaa kemikali mpya ambayo haikuandikwa kwenye kichupa kwa sababu haikutiwa humo na mtu. Kwa anayetaka kujua kinachomsumbua, njia iliyo karibu ni ile ya muuza ugoro: aondoe kitu kimoja, aangalie, kisha kingine. Aanze na ladha, ashushe nikotini, apunguze propilini glikoli, anywe maji. Kifua kikibana, pumzi ikipiga filimbi au midomo ikivimba, hapo majaribio yamekwisha. Ni kuacha na kwenda hospitali.

Wapo watakaosema ninausifu ugoro kupita haki yake. Pingamizi hili lina uzito. Tumbaku isiyo na moshi huzoesha mwili nikotini, na inayowekwa mdomoni inajulikana kusababisha saratani. Magadi yenyewe yana siri: magadi ya ukanda huu huweza kuwa na floraidi nyingi, na watu wa Meru hawahitaji kufundishwa floraidi ni nini. Maji ya miteremko yetu yamepaka meno ya vizazi rangi ya kahawia, kituo cha utafiti kikawekwa Ngurdoto kwa kazi ya kuiondoa, na kwa muda mrefu nchi ilivumilia floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita iliyotakiwa na Shirika la Afya Duniani. Hakuna pua wala ulimi uliowahi kuigundua floraidi. Kwa hiyo sisemi kwamba kuona mchanganyiko kunatosha kulinda afya. Nasema kwamba pale ambapo macho na pua hufika mwisho, kipimo na maandishi lazima vianzie hapo, na floraidi ndiyo ushahidi wangu bora: ilianza kushughulikiwa ilipopimwa na kuandikwa kwa namba.

Pingamizi la pili ni la wale wanaouliza kwa nini nijadili namna ya kuishi na juisi badala ya kuipiga marufuku. Uganda ilifanya hivyo kwa sheria yake ya mwaka 2015, ikazifungia sigara za kielektroniki na shisha kwa pamoja. Tanzania iliipiga marufuku shisha Julai 2016 kwa tamko la Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Kwa asiyevuta, jibu la marufuku ni zuri, na kwa anayevuta, kuacha ndiko kunakomaliza mwasho wote. Hilo nalikubali bila sharti. Lakini marufuku haifuti bidhaa. Huiondoa kwenye kaunta ikaiweka mfukoni, na cha mfukoni hakina lebo. Mwaka 2019 Wamarekani walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa majeraha ya mapafu yaliyotokana na vepu, 68 kati yao wakiwa wamefariki, na asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumika kuongeza ujazo katika vichupa vya bangi vya magendo, ikashukiwa kuliko kitu kingine. Ilichukua miezi kuipata, kwa sababu wagonjwa walijua ladha waliyovuta tu.

Tangu 2021 usimamizi wa bidhaa za tumbaku nchini uko mikononi mwa TMDA, mamlaka ileile ya dawa na vifaa tiba, ambayo kwa kazi yake imezoea kudai orodha ya kila kilichomo kwenye kidonge. Kazi hiyohiyo inaweza kudaiwa kwa kichupa cha juisi. Katika mji wa Moshi, mwendo wa saa mbili kutoka Daraja Mbili, hospitali ya KCMC ina kituo kilichofundisha wataalamu wa ngozi wa Afrika Mashariki na Kusini tangu mwaka 1992, na hospitali ya Kibong'oto imetibu vifua tangu 1926. Daktari katika mojawapo ya hospitali hizo ataanza kwa kumuuliza mgonjwa ametumia nini. Mzee wa Kiarusha mwenye ugoro atamjibu kwa maneno mawili, tumbaku na magadi. Kijana atatoa mfukoni kichupa chenye picha ya embe.